Jinsi ya kumjadili beki anayeondoka bila kuvunja kijiwe (mfano wetu ni Tshabalala)

Nianze na jinsi mjadala unavyoharibika maana ukijua unapoharibikia ndo utajua pa kuushika. Katikati ya 2025 habari zilivyotoka kwamba Mohamed Hussein, Tshabalala, Zimbwe Junior, nahodha wetu wa Simba, hatakuwa nasi tena, alafu baada ya muda ikawa wazi kabisa kwamba anatoka Msimbazi anaenda Jangwani, kwa watani zetu Yanga, kijiweni kwetu tulikuwa kama watu tisa hivi, kahawa ya jioni, kashata, kawaida yetu. Wa kwanza akasema msaliti. Wa pili akasema mwacheni mtoto wa watu katumika misimu 11. Wa tatu akaleta zile nne tulizofungwa na Kaizer Chiefs 2021, wa nne akasema krosi zake zilikuwa hazifiki, wa tano akauliza namba tatu gani, yaani beki wa kushoto gani, Tanzania hii alikuwa mbele yake, mtajeni hapa tumsikie. Hazikupita dakika kumi watu wawili wakainuka wakaondoka bila kuaga, mmoja wao wiki mbili hakukanyaga pale. Na mimi niliumia, niliumia kweli, sio kwa ajili ya hao wawili tu, kwa ajili ya yule beki pia, maana misimu 11 ya mtu ilimalizwa kwa dakika kumi na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja mechi moja kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa nikawaza nikaona watu wale watano hata hawakuwa wanabishana, kila mtu alikuwa anajibu swali lake. Kuna swali la alikuwa beki mzuri kiasi gani. Kuna swali la aliifanyia nini Simba. Na kuna swali la ameondokaje. Haya ni maswali matatu na kila moja lina jibu lake, ukiyachanganya tu imeisha, mtu anakuuliza kuhusu krosi wewe unamjibu kuhusu uaminifu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa kabla ya kubishana, mtu mmoja aseme kwa sauti leo tunaongelea lipi. Mfano mzuri ni Henock Inonga. Alikuja 2021 akitokea Kongo, DC Motema Pembe, akaondoka 2024 kwenda Morocco, na ukiniuliza swali la kwanza nakwambia jamaa ni mmoja wa mabeki wa kati wazuri sana ambao macho yangu yameona kwenye jezi nyekundu, anavyotoka na mpira nyuma, anavyosoma pasi kabla haijapigwa. Swali la pili jibu linabadilika, misimu yake mitatu yote ligi ilienda kwa watani. Sio kosa lake peke yake, ila ukisema urithi wa Inonga Simba lazima useme vyote viwili, na hapo hujamtukana mtu.

Alafu swali la kuondoka liwekeni mwisho, hili nalisisitiza sana sana. Mkianza nalo hamtarudi nyuma tena, hasira ni kama moshi ukishaingia chumbani kila kitu kinanuka moshi, hata bao zuri alilofunga 2019 mtalinusa usaliti. Anzeni na miaka yake, malizieni na mlango aliotokea.

Sasa miaka. Chukueni karatasi, kweli kabisa karatasi na peni, au mtu mmoja aandike kwenye simu, muandike alikuta nini na ameacha nini. Tshabalala amekuja Simba 2014 kutoka Kagera Sugar, kijana wa miaka 17. Simba aliyoikuta sio hii ambayo wadogo zetu wanaijua, ya robo fainali za Afrika. Ilikuwa Simba yenye njaa. Ubingwa wa mwisho ulikuwa wa 2011/12 na mitaani tulikuwa tunatembea tumeinamisha kichwa. Misimu mitatu ya kwanza ya huyu dogo Yanga wamechukua yote mitatu, na ule wa 2016/17 ndo uliuma kuliko yote maana tulimaliza pointi sawa, 68 kwa 68, wakatupita kwa magoli. Lakini msimu huohuo ambao tumekosa kombe, mchezaji bora wa ligi alikuwa yeye, beki wa kushoto wa timu iliyokosa ubingwa, akiwa na miaka 20. Wangapi wetu pale kijiweni walikumbuka hilo? Hakuna. Na Mei 2017 tukaenda Dodoma kucheza na Mbao fainali ya FA, 2-1 kwenye dakika za nyongeza, na kombe lile ndo lilitupa tiketi ya kurudi Afrika. Mtu anayesema Simba ilianza kuamka 2018 hajakosea sana ila hakuwepo Dodoma.

Kisha ikaja misimu minne ya ubingwa mfululizo, 2017/18 mpaka 2020/21. Kisha ikaja minne mingine mfululizo, hii sio yetu. Ukijumlisha misimu yake 11 unapata ubingwa mara nne kwetu na mara saba kwa Yanga, hakuna timu ya tatu hapo katikati. Hesabu hii iandikwe kama ilivyo. Anayempenda asifiche ile saba na anayemchukia asifiche ile nne.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe ya beki, na hapa ndo wengi tunashindwa, sio kwa ubaya, ni kwa sababu hatujafundishwa kuangalia. Straika hana shida, unahesabu mabao. Beki video zake za mtandaoni ni za aina mbili tu, bao alilosababisha na bao alilofunga. Zile dakika 85 katikati hakuna mtu anazikata akazirusha. Kwa hiyo ukitaka kumjadili beki kwa haki lazima muangalie mechi nzima angalau tatu, mechi moja ya kawaida ya ligi, moja kubwa waliyoshinda, na moja waliyofungwa vibaya. Sisi tuliamua kufanya hivyo kwa simu ya mtu mmoja yenye kioo kikubwa, wikiendi mbili, na naweza kusema nimejifunza mpira zaidi hapo kuliko miaka yangu ya kukaa jukwaa la mzunguko.

Sasa unaangalia nini. Kwa beki wa pembeni usifuate mpira, mfuate yeye. Mpira ukiwa upande wa kulia, kwa Kapombe, angalia huyu wa kushoto kasimama wapi. Akiwa amebana ndani karibu na beki wa kati anafanya kazi yake, akiwa amebaki pembeni peke yake kama anasubiri daladala hapo kuna uwazi na siku moja mtaadhibiwa. Ukiona timu pinzani wanapiga mipira mirefu ya kuvuka uwanja kutafuta nyuma yake, jua kocha wao kaona kitu. Na hiki ni kipimo kizuri ambacho hakihitaji elimu yoyote, chora mistari miwili kwenye karatasi, kushoto na kulia, kila shambulio la mpinzani weka alama. Makocha hawana urafiki, wanashambulia penye udhaifu. Upande ambao alama ni chache mara nyingi kuna mtu anaogopwa.

Alafu akipanda, nani anakaa. Beki wa pembeni wa Simba ile ya kina Chama na Luis ilikuwa lazima apande, mfumo ulimtaka apande, kwa hiyo ukiona kaachwa mbele mpira umepita nyuma yake usiharakishe kumtukana, tazama kiungo wa chini alikuwa wapi. Msimu wa 2020/21 alikuwepo Taddeo Lwanga yule Mganda, akikaa yeye pale chini mabeki wetu wa pembeni wote wawili walikuwa wanaruka kama mawinga. Asipokuwepo picha inabadilika. Kosa la nafasi na kosa la mtu ni vitu viwili.

Kingine angalia dakika ya 70 kwenda mbele. Anapanda bado? Anarudi kwa kukimbia au kwa kutembea? Tshabalala hapa nampa maksi zote, sijui mapafu yake yametengenezwa na nini, dakika ya 88 unamuona anaomba mpira pembeni kule kana kwamba ndo wameingia. Krosi zake ndiyo, kuna siku zilikuwa zinaishia kwa beki wa kwanza, na huyo jamaa wa nne kijiweni hakusema uongo, ila tulivyohesabu kwenye mechi tatu zile tukakuta pasi za chini za kurudisha nyuma kwenye boksi zilikuwa nyingi kuliko krosi za juu na ndizo zilikuwa na madhara zaidi. Yule jamaa alikaa kimya kidogo akasema basi nilikuwa nakumbuka zile za juu tu.

Usiku mzuri. Kila beki wa kujadiliwa ana usiku wake, mtafuteni. Kwa Tshabalala mimi nauweka ule wa tarehe 16 Machi 2019, Simba na AS Vita, Kwa Mkapa ambapo wakati ule tulikuwa bado tunapaita Taifa. Kumbuka hali ilivyokuwa, kwenye kundi lile tulishapigwa tano Kinshasa na tano Misri, watu wanatucheka mpaka huruma, lakini nyumbani tulikuwa hatujapoteza na hesabu zikawa zinasema tukishinda tunaenda robo fainali. Vita wakatangulia. Uwanja ukawa kama msiba. Na aliyerudisha bao lile hakuwa Kagere wala Okwi wala Bocco, alikuwa beki wa kushoto. Kila mtu anakumbuka bao la Chama la dakika za mwisho, na lazima alikumbuke, ila bila la Tshabalala la kwanza la Chama lingekuwa sare tu ya kwenda nyumbani. Nilikuwa nimesimama jukwaa la mzunguko na mjomba wangu, mtu mzima ambaye huwa hashangilii, anakaa tu mikono kifuani, bao lile alinishika shingo akanitikisa mpaka kofia ikaanguka safu ya chini. Tulimaliza kundi na pointi 9 nyuma ya Al Ahly.

Usiku mbaya nao uandikwe, na uandikwe kwa haki. Hapa kuna hatua moja ndogo ambayo inaokoa ugomvi mwingi sana, kabla hujamtwisha mtu mabao fungua kikosi cha siku ile uone kama alicheza. Utashangaa. Watu wanambebesha beki mabao ambayo siku hiyo alikuwa benchi au nyumbani anaumwa, kisa tu alikuwa kwenye timu mwaka ule. Ukishathibitisha alikuwepo, chukua bao moja moja uulize limeanzia upande gani, nani alipoteza mpira, timu ilikuwa imekatika katikati au ni yeye kapitwa. Zile 5-1 za tarehe 5 Novemba 2023 dhidi ya Yanga, sitaki hata kuziandika lakini naziandika, kipindi cha pili timu nzima ilifunguka kama mlango wa banda, kumtoa mtu mmoja pale ukasema wewe ndo wewe ni kutafuta wa kumlilia.

Mfano unaonifurahisha na kuniumiza kwa pamoja ni msimu wa 2020/21 wenyewe. Kundi la Ligi ya Mabingwa na Al Ahly, Vita na El Merreikh, mechi sita tumeruhusu mabao mawili tu. Mawili! Kinshasa kulekule tulikopigwa tano tumeenda tumeshinda 1-0, Al Ahly kafa hapa 1-0 kwa bao la Luis, tumeongoza kundi. Ukuta ule ulikuwa Manula golini, Kapombe kulia, Onyango na Wawa katikati, Tshabalala kushoto, sifa ile ni ya watu watano na waliokuwa mbele yao, sio ya mmoja, anayetaka kumpa Tshabalala peke yake anakosea kama anavyokosea anayemnyima. Kisha Mei 2021 tukaenda Johannesburg kwa Kaizer Chiefs, ukuta uleule, tukala nne usiku mmoja. Tukarudi hapa tukawapiga tatu, bao moja tu likatutoa. Mabeki walewale ndani ya miezi michache. Ukiweza kuzishika mechi hizo mbili mkononi kwa pamoja bila kuachia moja basi uko tayari kumjadili beki yeyote duniani.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa soka la mtaani tunakijua ila hatukitumii, nacho ni waliokuja kuchukua namba yake. Klabu kubwa haikupi nafasi milele, kila dirisha inaleta mtu wa kukupima. Alikuja Asante Kwasi kutoka Lipuli, Mghana, na kuna kipindi kweli Tshabalala alikaa nje. 2019 akaja Gadiel Michael, tena kutoka Yanga, beki wa timu ya taifa, tukasema sasa Zimbwe kazi anayo. 2024 akaja Valentin Nouma, Mburkinabe. Wote wamekuja na yeye aliendelea kuwepo. Makocha nao wamebadilika nimepoteza hesabu, Wabelgiji, Wafaransa, Waserbia, Wabrazili, Waafrika Kusini, kila mmoja na mfumo wake, na karibu kila mmoja aliishia kumuandika kushoto. Mtu ukitaka kusema alikuwa wa kawaida basi jibu kwanza hao makocha wote waliona nini.

Wazee wapeni nafasi, na wapeni mapema kabla sauti hazijapanda. Mtu akikwambia shikamoo imeshaitikiwa sasa nisikilize, msikilize. Mjomba wangu kwa mfano beki wake wa kushoto wa Simba ni Ramadhan Wasso, Mrundi, yule wa kikosi cha 2003 kilichowavua ubingwa Zamalek kulekule Cairo kwa penalti. Kwake yeye hakuna mjadala. Usimwambie mzee hiyo ni ya zamani, muulize Wasso alikuwa anafanya nini ambacho huyu hakifanyi, utapata darasa. Mjomba alisema Wasso alikuwa hapitwi mara mbili kwa njia moja, ukimpita kulia leo basi kulia umemaliza. Tshabalala anapitwa kwa njia ileile mara mbili ila mara ya pili anakuwahi kwa mbio. Nimelala na maneno hayo siku tatu, ni kweli kabisa na sijawahi kusikia mchambuzi yeyote wa redioni akisema hivyo.

Na vijana pia, hawa walioanza kuangalia juzi wakati wa Ubaya Ubwela, ile kaulimbiu yetu, msiwafukuze. Wao wamemuona akiwa nahodha msimu wa 2024/25, wamemuona akiiongoza timu mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wameona Al Masry anatolewa kwa penalti baada ya kutufunga mbili kwao na sisi kurudisha mbili hapa, wameona Stellenbosch, wameona Berkane. Tulifungwa 2-0 kule Morocco tukatoka 1-1 Zanzibar pale Amaan tarehe 25 Mei, tukalikosa kombe. Kwa kijana wa miaka 16 huyo ndo Tshabalala wake, nahodha aliyeshindwa hatua moja kabla ya kombe la Afrika. Ni sehemu ya ukweli nayo.

Haya sasa mlango. Hapa ndo penye moto kwa hiyo pashikwe na mtu mwenye utulivu. Mimi naona ukianza kwa kulinganisha na walioondoka kabla yake hasira inapungua maana unaona kumbe kuondoka kuna aina nyingi. Pascal Wawa 2022 alipewa thenkyu yake, yaani klabu ilimuaga, watu wakamsindikiza vizuri, mzee wa kazi, hata akaenda Singida hakuna aliyemchukia. Jonas Mkude kakulia kwetu tangu timu ya vijana, 2023 akapewa thenkyu, akaenda Yanga, watu wakanuna ila wakasema klabu ndo ilimwachia, afanyeje. Kelvin Yondani ni habari nyingine, 2012 alitoka kwetu kwenda Yanga na mvutano wa mkataba juu yake, akakaa kule mpaka 2020, na wapo wazee ambao mpaka leo jina hilo hawalitamki. Kwa hiyo jiulizeni, huyu wetu yuko karibu na yupi hapo. Alivunja mkataba au aliumaliza? Aliondoka katikati ya msimu na timu inamhitaji au alicheza mpaka mechi ya mwisho? Hivyo ni vitu ambavyo vilionekana hadharani na mnaweza kuvijadili.

Ambacho hamuwezi kukijadili ni kilichokuwa moyoni mwake na kilichoongelewa ofisini. Hapo ndo vijiwe vingi vinateketea, mtu anaanza kutaja hela, aliahidiwa kiasi gani, nani alimdharau, wakala kasema nini, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo kwenye hicho kikao. Sisi tuliweka sheria, ukitaja kiasi cha pesa useme umekiona wapi, ukishindwa unanunua kahawa ya wote. Siku ya kwanza mtu mmoja alinunua raundi mbili, siku ya pili hakuna aliyetaja pesa.

Na kuumia kunaruhusiwa jamani. Nawaona watu wanasema mpira ni kazi, mchezaji ni mfanyakazi kama wengine, mbona wewe ukipata kazi kwingine unaondoka. Sawa ni kazi. Lakini mimi sijawahi kumlilia fundi seremala aliyehamia duka la pili, na nilimlilia huyu. Shabiki anayeumia hajakosea, amekosea pale tu anapotaka maumivu yake yafute mechi ambazo zimeshachezwa. Mwezi uleule wa Mei 2025 Liverpool walikuwa na jambo kama letu, Trent Alexander-Arnold, mtoto wa palepale, kalelewa na klabu tangu ana miaka sita, akatangaza anaondoka na njia ikawa ya Real Madrid, mechi na Arsenal akazomewa Anfield kila akigusa mpira. Wiki mbili baadae mechi ya mwisho na Crystal Palace, tarehe ileile 25 Mei ambayo sisi tulikuwa tunalia Amaan, uwanja uleule ukampigia makofi. Hawakuacha kuumia ndani ya wiki mbili, nadhani walipata muda wa kuyatenganisha maswali.

Watani. Mtani wa Yanga akiingia kwenye mjadala, na ataingia tu, msimpe swali la tatu. Mpe la kwanza. Muulize wewe ulikuwa unaogopa upande gani tukikutana, kushoto kwetu au kulia. Mtani akijibu hilo kwa ukweli utapata ushahidi bora kuliko wa Mnyama yeyote, yaani mwana Simba yeyote, maana yeye hana sababu ya kumpamba, au hakuwa nayo mpaka juzi. Sisi mtani wetu, jirani yangu, fundi pikipiki, alisema miaka ile minne yetu alikuwa anaombea Tshabalala apate kadi mapema. Miaka ile minne yao hakuwa anamuombea chochote. Hilo jibu nimeliandika vilevile, halihitaji kuongezwa kitu.

Tarehe 2 Agosti 2025 ikaja CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ufunguzi Kwa Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso, na bao la pili kafunga nani kama sio Mohamed Hussein. Tulikuwa banda la video, limejaa, nusu wekundu nusu kijani, na kwa sekunde kama mbili hivi nikaona watu wetu hawajui waruke au wakae. Siku nne mbele na Mauritania bao pekee kafunga Kapombe. Beki wa kushoto na beki wa kulia, waliokimbia pande mbili za uwanja uleule miaka yote ile kwa jezi moja. Kwa anayetaka kujua muda mzuri wa kumaliza mjadala wa beki, mimi nasema ni hapo, akishacheza mechi moja au mbili mbali na nyie, maana mnamuona tena kama mchezaji.

Mwisho wa yote kila mtu aandike. Hili ndo lililotusaidia kuliko mengine. Kikaratasi, sehemu tatu, swali moja moja, sentensi mbili kila sehemu, hakuna kuona cha mwenzako. Alafu mtu mmoja anasoma vyote bila kutaja majina. Utaona kwamba sehemu ya kwanza na ya pili watu mnakaribiana sana, kwetu saba kati ya tisa waliandika ndo namba tatu bora wa Simba waliyemuona kwa macho yao, na mmoja kati ya hao saba ni yule aliyeanza na neno msaliti. Ya tatu ndo ilitawanyika kila mtu na lake, na hapo hatukulazimisha.

Changu kiliandikwa hivi. Moja, beki wa kushoto mwenye mbio na pumzi kuliko wote niliowaona hapa, anapitwa lakini anarudi, mguu wake wa krosi ni wa wastani. Mbili, alitukuta na njaa akatuacha tumezoea robo fainali, ubingwa mara nne, na bao la Vita. Tatu, ameondoka amemaliza kazi yake na nimeumia alikoenda, sitamzomea na sitamshangilia.

Mjomba hakuandika, alisema mumuandikie, Wasso kwanza, huyu wa pili, na wa tatu simuoni. Na yule ambaye wiki mbili hakuja kijiweni alirudi siku ile ya karatasi, akajaza ya kwanza, akajaza ya pili kwa urefu kuliko sisi wote mpaka akageuza nyuma, ya tatu akaiacha wazi. Alisema ataijaza siku akimuona na jezi ya kijani kwa macho yake uwanjani. Kikaratasi chake ninacho mimi.